Pesa ya Kutokwenda Sokoni

Zaituni mwanangu,

Salamu hizi hazina safari ndefu. Zinatoka sebuleni hadi chumbani kwako, ukuta mmoja tu kati yetu, na kupitia ukuta huo nakusikia unagombana na zipu ya begi. Ningeweza kugonga mlango. Nimeinuka, nimefika, nimerudi kukaa. Baba yako ana mdomo wa kuwasema watu wa mtaa mzima wa Bwiza, lakini leo umekauka, kwa hiyo nimeshika kalamu.

Mambo ya safari mama yako ameshayamaliza. Chandarua, sweta, vitambulisho usivitoe ovyo mpakani, ukifika Kigoma upige simu. Mi hapo sina la kuongeza. Mi nataka kusema juu ya ile bahasha.

Asubuhi nilipomaliza kuswali niliikuta kando ya kikombe changu cha chai. We ulikuwa umesimama na kitambaa cha kufutia meza, ukasema, "Baba, hii pesa si yangu. Mwenyewe unamujua." Ukaendelea kufuta meza. Hukununa, hukulia, hukupandisha sauti. Afadhali ungenitukana! Ada yako ya uuguzi yote imo humo ndani, basi linaondoka kesho, na we unaniambia si yako. Nilitaka kufoka, si unanijua. Mdomo ulishafunguka kabisa. Halafu nikakumbuka nilichosema jana mbele za watu, nikaufunga.

Jana kwenye dua yako ya kuagwa nilijisahau. Watu wameshakula pilau, wameshakusifu, na mi kichwa kikavimba. Nikainuka na bahasha mkononi: "Munaona hii? Hii ni pesa ya kutokwenda sokoni! Watu wanakwenda soko kila siku kama wanakwenda kazini. Mi nilifunga soko, mutoto anakwenda chuo. Haba na haba hujaza kibaba!" Wanaume wakacheka, wakapiga makofi. Upande wa wanawake, kwenye mkeka wa karibu na mlango, bibi yako, mzaa mama, alivuta mtandio akafunika uso. Nilimwona, Zaituni. Nilimwona, na bado nikayamalizia maneno yangu.

Ulimi hauna mfupa, wanasema. Lakini huu wangu una miguu, hukimbilia mahali ambapo akili haijafika.

Acha niyaseme tangu mwanzo. Mengi uliyaona kwa macho ya mtoto, na mengine nilikuficha, au nilijificha mwenyewe.

Miaka ile bei zilipoanza kupanda, we ulikuwa bado shule ya msingi. Mama yako alikuwa anakwenda soko kila asubuhi na kikapu chake, kama wanawake wote wa mtaa. Fungu la nyanya, fungu la ndagala, sombe la majani ya muhogo, mawese ya kupimiwa kwenye chupa. Anaondoka na faranga za siku, anarudi zimekwisha. Mi nikakaa karakanani kati ya mafrigo ya watu nikapiga hesabu. Anayenunua kwa fungu analipa kuliko anayenunua kwa gunia, hilo hata mtoto analijua. Na anayepita sokoni kila siku, kila siku kuna kitu kinamwita jina. Leo ndizi, kesho sahani ya plastiki, keshokutwa muuza vitenge ni rafiki yake hawezi kumpita bila kununua. Nikasema basi. Soko ni mara moja kwa mwezi, na anayekwenda ni mimi.

Sitakudanganya eti haikufaa. Ilifaa sana. Mwezi wa kwanza tu nilibaki na pesa mkononi, mi ambaye mwisho wa mwezi huwa naanza kuwakwepa watu njiani. Huko Kigoma mkiwa wasichana chumba kimoja, changeni mnunue mchele na maharage mara moja, mtaona tofauti. Njia yenyewe haina kosa. Mwenye kosa alikuwa mwenda njia.

Unalikumbuka lile frigo la kulala, lenye mfuniko wa kuinua na kufuli lake? Mteja alilileta litengenezwe, akahama mji, hakurudi tena. Nikaliingiza nyumbani, nikalijaza nyama na samaki wa mukeke wa mwezi mzima. Fundi wa frigo mzima, mtu ambaye kutwa kazi yake ni kungoja umeme, nikausahau umeme wa mji huu! Ukakatika, ukakaa huko huko ulikokwenda. Nililizunguka lile frigo kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini, namkataza kila mtu kuinua mfuniko. Harufu ndiyo iliyoniamuru nifungue.

Mama yako alisema taratibu, "Tungenunua kidogo kidogo, tungekuwa tumeshaila." Ukweli mtupu. Na kwa sababu ulikuwa ukweli, nikawaka. Nikaapa kwamba haitatoka faranga hata moja, tutakula maharage mpaka mwezi uishe. Tukala maharage. Mwenyewe tumbo lilikuwa linaniuma, lakini nirudi nyuma? Mimi? Aka!

Baada ya hapo sikuliwasha tena. Nikalifanya ghala. Mchele, maharage, unga, ndagala kavu, bidoni ya mawese, vyote ndani, nikafunga, ufunguo nikauvaa kwenye mkanda. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nainua mfuniko nachota kwa kopo, na mama yako amesimama mbele yangu ameikinga sufuria. Mwanamke aliyenizalia. Ameishika sufuria kwa mikono miwili anangoja nimpimie. Na mi nikipima nasema kwa sauti, "Mimi, wewe, mutoto. Watu watatu." Halafu nasawazisha kopo kwa kiganja, punje zilizozidi zinarudi guniani.

Nilijiona nina akili, mwanangu. Aibu hii inanichoma leo kuliko siku ile, kwa sababu siku ile nilikuwa napiga mluzi.

Maana hatukuwa watatu. Bibi yako alikuwa amebaki peke yake kule mtaa wa Cibitoke tangu babu yako afariki, miguu imeshaanza kumkatalia, biashara yake ya mboga imekufa. Na kila asubuhi mama yako akitoka sokoni, alikuwa anatenga kidogo kutoka kikapuni anampelekea. Konzi ya maharage, ndagala kidogo, unga kwenye kitambaa. Ndiyo ilikuwa njia ya mama yake kula. Mi sikuambiwa, na we unajua kwa nini.

Kwetu mama mkwe haombi kwa mkwe wake. Hata kula hali mbele yake. Mkwe akibisha hodi wakati wa chakula, sahani inaingia ndani, mdomo unafutwa, na mama anatoka kukupokea kama mtu asiyejua chakula ni kitu gani. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona bibi yako akitafuna. Mtu wa heshima ile angewezaje kuniambia, "Mukwe wangu, nina njaa"? Na mama yako angenieleza vipi bila kumvua mama yake nguo mbele yangu? Ilikuwa kazi yangu kujua bila kuambiwa. Mkwe mwenye macho huuliza, "Mama kule yukoje?", halafu anatuma kitu bila kungoja jibu. Mi nilikuwa nauliza bei ya mawese.

Nilipofunga soko, nilimfungia na yeye. Basi mama yako akaanza kufunga. Jumatatu na Alhamisi, sunna. Baadaye na siku nyingine katikati. Nikasema, alhamdulillahi, mke wangu ameongoka. Nikajigamba msikitini: "Wa kwangu anafunga sunna, nyinyi wenu wanafunga nini?" Akakonda, nikasema ni nuru ya ibada. Astaghfirullah! Chakula chake cha mchana ndicho kilichokuwa kinakwenda Cibitoke, na mbebaji ulikuwa wewe, chini ya madaftari kwenye mfuko wa shule.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu haitaki.

Siku ile nilikukuta mlangoni, mfuko umevimba. Nikaufungua, nikakuta bugali umefungwa kwenye kitambaa, bado wa moto. Nikakuuliza unapeleka wapi. Ukanyamaza. Nikasema unagawa chakula changu kwa marafiki zako, unanifanya mi mjinga. Ukanyamaza. Nikakupiga kofi, nikaona halitoshi nikaongeza. Ulilia mpaka ukapaliwa, lakini jina la bibi yako halikutoka. Mama yako alikuwa jikoni anasikia kila kitu, na yeye hakutoka, maana angetoka angelazimika kusema. Mlinipita wote wawili, mtoto na mama, mkamlinda yule mzee na aibu. Na mi nikaenda kazini nimenyoosha mgongo, nina hakika nimelea.

Nilikuja kujua kwa bahati mbaya yangu. Mwisho wa mwezi nilikwenda kununua ndagala kwa yule mama ambaye mama yako alikuwa mteja wake wa siku zote. Akanipimia huku anacheka, akauliza kwa nia njema kabisa, "Baba Zaituni, na ile kafungu ya bibi wa Cibitoke? Mama Zaituni simuoni tena. Siku hizi nani anamupelekeaka?"

Mtu mwingine hapo angelia. Mi nilikasirika. Sikuwaza kwamba mzee ana njaa. Niliwaza kwamba nimefanywa mpumbavu ndani ya nyumba yangu, na kwamba muuza samaki alijua na mimi sikujua. Nikarudi nyumbani mbio, nikamkuta mama yako anafua uani, majirani wamejaa, nikapiga kelele: "Mwizi! Miaka yote unaniibia unalisha kwenu!"

Ulikuwepo. Ulikuwa unakamua nguo upande wa pili wa beseni. Mama yako aliinuka na povu mikononi akasema, wala hakupaza sauti, "Ndiyo, nimeiba. Nimeiba sehemu yangu ya chakula nikamupa mama yangu. Ulitaka yeye ndiye akuombe? We ni mukwe wake! Heri afe na njaa." Halafu akainama akaendelea kufua.

Neno likitoka Bwiza asubuhi, mchana limeshafika Cibitoke. Bibi yako alisikia kwamba mkwe wake amemwita binti yake mwizi kwa sababu ya tumbo lake. Siku chache baadaye, moyo uliponipoa, nilimpakia mtu wa baiskeli gunia la mchele, nikamwambia ampelekee. Nilidhani gunia litasema kwa niaba yangu. Kesho yake yule mtu alikuja karakanani na gunia lile lile, halijafunguliwa hata uzi. Akasema, "Mama anakusalimia sana. Anasema hii gunia imepotea njia."

Na tangu siku hiyo hajala kitu changu. Hata jana kwenye dua, pilau ya kwako mwenyewe, mjukuu wake, aliigusa? Mama yako ndiyo maana alianza kukaanga sambusa. Majirani wanadhani ni biashara. Ni ili awe na faranga zake, zisizopita mkononi mwangu, za kumlishia mama yake. Mi ufunguo niliuvua, frigo nikaliuza chuma chakavu, kila asubuhi naacha pesa ya soko mezani bila kuuliza habari zake. Nilidhani hapo nimetubu. Kumbe nilikuwa nimebadilisha utaratibu tu, neno lenyewe sikulisema kwa mtu yeyote.

Pesa niliyookoa sikuigusa. Niliiongezea ya kazi yangu mwaka hadi mwaka, nikajiambia kwamba ni ya shule yako, na ikiwa ni ya shule yako basi imeshatakasika. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja. Niliirudia hoja hiyo mpaka nikasahau pesa ilitoka kwenye sahani ya nani, na ndiyo maana jana nilisimama nikajisifu nayo mbele ya mwenye sahani.

Nikiwa na neno la kukupa, Zaituni, ni hili, na silitoi kitabuni. Utabana matumizi, huna budi, maisha ya chuo ni hayo. Bana. Lakini kabla hujakata safari moja ya soko, angalia nani mwingine alikuwa anakula kwenye safari hiyo. Huenda ni rafiki yako wa chumba anayesema ameshakula. Huenda ni yule mama wa nyanya. Na ukianza kubana, anza na sahani yako. Mi nilianza na za watu, yangu haikupungua hata siku moja. Nilikuwa naongezwa, we mwenyewe ulikuwa unaniletea nyongeza.

Leo alasiri nimekwenda Cibitoke. Sikumwambia mama yako, nilisema nakwenda kuangalia compresa ya mteja. Nilichukua ile bahasha.

Nilibisha hodi, bibi yako akaitikia, "Karibu." Nikaingia uani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni na sahani mapajani, bugali na sombe. Nikasimama nikageuza uso, nampa nafasi apeleke sahani ndani kama siku zote. Hakuinuka. Nikangoja. Nilipomtazama tena alikuwa anamega tonge, anachovya, anatia mdomoni, ananiangalia.

Zaituni, mi sijui maana yake. Njia nzima ya kurudi nimeligeuza kichwani. Huenda ni dharau, ananiambia kwamba sina tena heshima ya kufichiwa sahani, mkwe gani mimi. Huenda ni kinyume chake, amechoka kujificha, ananifanya mtoto wake wa kumzaa. Sikuthubutu kuuliza. Nilikaa chini, kwenye mchanga, nikamngoja mpaka akamaliza. Alikula taratibu sana.

Aliponawa nikasema, "Mama, hii pesa ni chakula chako. Mi niliiita akili yangu." Nilikuwa nimejiandalia na maneno mengine. Sikuyapata. Yeye hakuipokea. Alionyesha kwa kidevu, "Weka pale," nikaiweka juu ya mtungi wa maji. Akauliza, "Mutoto anaondoka saa ngapi?" Nikasema asubuhi. Akasema, "Apite hapa mbele ya kwenda. Peke yake." Basi. Akaniaga, nikaondoka.

Kwa hiyo bahasha haiko kwangu. Ulisema mwenyewe namjua, ni kweli, na sasa anayo. Jirani mwenye taksi atakuja kukuchukua mapema akupitishe Cibitoke. Mi sitakuja. Bibi yako akikupa, pokea kwa mikono miwili, itakuwa imetoka kwake na si kwangu. Asipokupa, usimuulize, muage vizuri uende. Nina vifaa vya kazi vya kuuza, na nina mikono. Chuo hakitakushinda kwa sababu yangu. Na akiamua kuinunulia nyama yote akaila mwenyewe, mi nitafurahi, wallahi.

Lakini usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Nakujua, una huruma, utataka kunisemea. Usinisemee. Neno hilo nilikwenda nalo leo na nikarudi nalo. Nitakwenda tena nikiweza, na nikishindwa nitakwenda tena. Mama yako naye analingoja tangu siku ya beseni.

Naona sasa kwamba mdomo wangu haukuzoezwa kulisema, unahitaji pa kuanzia. Basi naanza na wewe, kwa yale makofi ya mlangoni na bugali bado wa moto mkononi mwangu. Nisamehe, Zaituni.

Baba yako